Hesabu ya Mikebe

Daktari Kaur ananiuliza: ni miaka mingapi?
Mimi sikuhesabu kwa miaka.
Nahesabu kwa mikebe:
ule mweupe wa kifuniko cha zambarau,
ule wa watoto, wenye picha ya binti anayecheka,
na ile chupa iliyokuja baadaye, ya kunyooshea kwa pasi,
imeandikwa haina fomalini,
nasi tukiifungua machozi yanatutoka
kama tumefiwa.

Wolverhampton, Januari. Dirisha tunalifunga,
maana joto lina bili yake.
Feni ya kutolea hewa iliharibika mwaka aliozaliwa Atupele wangu.
Mwenye nyumba alisema: wiki ijayo.
Atupele sasa anavaa viatu vyangu.

Jumamosi wanakuja. Wa harusi, wa usaili wa kazi,
yule nesi aliyeambiwa na mkubwa wake
kichwa chako kimekaa kimashambamashamba.
Napaka dawa, nachana, nauliza: inawasha?
Wanakaza meno. Iache kidogo, dada, ishike.
Ukitaka uzuri sharuti udhurike.
Tunacheka, na utosini vidonda vinafunguka
vidogo, vyekundu, kama punje za mtama.

Uzuri waliutaka wao.
Glavu zilizochanika ni zangu.
Kifua kinachokoroma usiku ni changu.
Na uvimbe huu ambao mashine imeupima
ukawa sawa na chungwa,
umekaa kwenye kizazi changu, si chao.

Daktari hasemi ni dawa. Hasemi si dawa.
Anasema wataalamu wana wasiwasi,
anaandika, anafuta.
Natazama msuko wake, mmoja, mpaka kiunoni.
Sidhani uliwahi kuambiwa ujirekebishe.

Leo Chausiku kamleta bintiye, miaka minane;
kesho ni picha za shule.
Nikaushika mkebe. Binti wa kwenye picha
bado anacheka, hajakua hata siku moja.
Vidole, kwa mazoea, vilishaanza kufungua.

Nikaurudisha kwenye rafu.
Nikamwambia mama mtu: nitamsuka, bure.
Akanuna. Shoga, umeshiba nini siku hizi?
Nikafungua dirisha, baridi ikaingia yote
pamoja na bili yake,
na nywele za mtoto chini ya kitana
zikanyooka, zikajikunja tena,
kaidi.

Mikebe mingapi? Sijamjibu daktari.
Kwenye rafu imebaki kumi na mmoja,
na kodi ni Ijumaa.