Unene wa Pete

Bi Rukiya wa Tudor ameagiza viti sita vya mvule,
kila kiti matundu manane, piga hesabu mwenyewe,
kabla ya Ijumaa.
Na mkono wa Baba wa kulia, tangu Mfungo Nne,
huandika hewani
barua asizoweza kuzisoma.

Patasi ameitundika. Hakusema neno.
Ameitundika tu, msumari uleule wa kalenda.

Basi usiku, stima iliporudi Majengo,
nilikichukua kibao cha duka lililofungwa la Mshihiri,
plaiwudi nene, rangi ya buluu bado yasomeka
UNGA MCHELE SUKARI,
nikakata kipande cha UNGA, nikakitoboa dirisha:
upana wa pete ya shaba iliyo chini ya ruta,
urefu wa tundu nilitakalo.
Ubavuni nikapigilia fito ya mkangazi, iushike mguu wa kiti
kama mtoto anyolewaye.
Chini nikagandisha msasa mkuukuu, kibao kisiteleze;
juu nikapaka nta ya mshumaa, mashine iteleze.
Nikajiona fundi.

"Kibao hakina macho," alisema Baba,
akageukia ukutani.

Asubuhi nikawasha. Ruta ikalia,
paka wa Mama Kache wakahama mtaa,
vumbi la mvule likatupigisha chafya
hata Chengo, mwanagenzi, akamwaga chai yake kwenye gundi.
Nikazima. Nikaleta ulimi.
Ulimi ukakataa kuingia.
Upana sawa. Urefu, milimita sita hazipo:
tatu huku, tatu kule.
Nikapima tena. Nikalaumu futi, nikalaumu unyevu,
huu wa Mombasa uvimbishao hata funguo.

"Lete hiyo pete."
Hajawahi kushika ruta maishani mwake.
Aliigeuza kwenye mwanga wa mlango,
akalitia jino la kukatia katikati,
akatazama kilichobaki kutoka jino hadi ukingo wa nje.
"Mvaa buti hapimiwi mlango kwa unyayo," akasema.
"Dirisha lako halikuhesabu unene."

Kipande cha SUKARI. Akachomoa penseli sikioni.
Mstari alioupiga ulikwenda kama njia ya siafu,
lakini nambari aliyoiandika kandoni
haikupinda.

Nilipomaliza kukata nikamwambia, shika wewe.
Akanitazama kana kwamba nimemtukana.
Akashika.
Mtetemo wake ukaenda kulia, ukagonga ubao,
ukaenda kushoto, ukagonga ubao,
haukuwa na pa kwenda
ila kwenye kazi.
Ulimi ukaingia kwa ngumi moja,
hewa ikatoka tunduni, fyuu,
kama mtu aliyeketi baada ya safari.

Hakucheka. "Mguu ule wa kwanza usiutupe," alisema,
"utakuwa kigoda."

Tundu la saba, tokeni zikaisha.
Jino likazunguka kidogo kwa ukaidi wake, likasimama.
Chengo akatoka kutafuta simu yenye salio.
Viganja vya Baba bado viko juu ya mishikio,
na kibao kizima kinatetemeka chini ya vidole vyangu.
Nilidhani ni mashine.