Kenda Shika

Mkutano ulianza saa mbili usiku, bila kahawa.
Mweka hazina, Saturnina Colque, alisema
kahawa ni ya waliolipa bili za maji.
Tulikuwa ishirini na mmoja, tumejikunyata ndani ya ponjo,
na baridi ya Julai ya vilima vya kusini mwa Cochabamba
ilipita chini ya mlango
bila kuulizwa kadi ya uanachama.

Mhandisi Peredo alikuja na projekta yake mwenyewe.
Akatuonyesha ukutani mfumo ambao haujazaliwa:
mabomba yenye rangi ya bizari,
mita zinazojisoma,
mtu analipa kwa simu, amelala.
"Machi," alisema. "Tukichelewa sana, Juni."
Akamgawia kila mmoja kalenda
yenye picha ya maporomoko ya nchi nyingine.

Mimi ndiye msoma mita.
Napanda ngazi mia nne na kumi,
najua mbwa yupi anauma
na nani anaifunika mita kwa matambara.
Machi naijua pia.
Mwaka juzi ilikuja, mwaka jana ilikuja,
ikaja na matope, ikaondoka na matope,
sikuona mfumo ndani yake.

Kisha Wilmer akaifungua kompyuta yake kuukuu,
aliyokuwa ameibeba mgongoni kwa nguo ya mistari
kama mtoto mwenye homa.
Programu yenyewe haina sura. Kijivu tupu.
Imeandikwa na watu tusiowajua
wakaiacha wazi: atakaye aichukue,
aifumue, aishone upya.
Neno "deni" Wilmer amelitia Kikechua mwenyewe.
Miezi saba sasa inatoa bili
za kaya mia tatu na kumi na mbili.

"Cha bure hakina mwenyewe," alisema Nicanor, fundi bomba.
"Kikiharibika nitamkunja nani shati?"
Swali zuri.
"Na Wilmer akienda Hispania kama dada zake?"
Zuri zaidi. Wilmer akatazama viatu vyake,
tukajua fomu ameshajaza.

Saturnina akafungua daftari.
"Desemba ilimtoza mjane Basilia mara mbili. Kweli?"
"Kweli."
"Ikawaje?"
"Niliwaandikia usiku. Kulipokucha mtu alikuwa amejibu,
wa huko ambako, alisema, jua halijachomoza wiki tatu.
Kosa lilikuwa mstari mmoja. Akaurekebisha."
"Ulimlipa nini?"
"Nilimwambia asante."

Mhandisi akakohoa. Marekebisho ya namna hiyo, alisema,
yatakuwamo katika toleo la pili.
"Na la kwanza liko wapi?"
Hapo ndipo watu walipocheka,
hata mimi, niliyekuwa nimeshaipenda ile rangi ya bizari.
Maana tusidanganyane:
kenda nilizoshika zina kutu,
na zile kumi za nenda uje
zinang'aa, jamani, zinang'aa.

Tulipiga kura kwa kunyoosha mikono.
Kumi na mmoja kwa kumi: tungoje mfumo wa mhandisi.
Mkono wangu sitasema ulikuwa upande gani.
"Na hadi uje," Saturnina aliandika,
akilitamka kila neno kama anahesabu chenji,
"tutumie huu uliopo. Kwa muda."
Muda. Neno hilo hakuna aliyelipinga.

Baridi tatu zimepita.
Wilmer yuko Zaragoza, anafua mashuka ya hoteli,
Jumapili anatutumia marekebisho.
Binti wa Nicanor ndiye anayebonyeza vitufe,
na juzi aliwaandikia wale watu kosa alilolivumbua mwenyewe;
wakamshukuru kwa jina, wakalikosea herufi.

Kalenda za mhandisi ni karatasi nzito, nzuri,
nyuma nyeupe kabisa.
Huko ndiko ninakoandika:
Basilia, mita za ujazo nne.
Ngazi ya mia mbili, mbwa yuleyule.