Kumbukumbu za Kikao

Mimi ndiye mwandishi wa kumbukumbu.
Miaka kumi na tisa, Kitivo cha Uhandisi,
huku Pelotas, kusini mwa Brazili, ambako Julai kuta hutoka jasho
na karatasi hulegea kabla ya saa nne.
Kibuyu cha chai chungu huzunguka meza, mrija mmoja kwa wote.
Huniruka. Mikono yake ina kazi, husema.

Leo mkuu mpya wa kitivo, Valdirene Quirino,
binti wa fundi viatu wa nyuma ya reli,
hakufungua ajenda.
Aliniomba majalada. Yote.
Akavaa miwani, akasoma kwa sauti
ya mtu anayehesabu nguo za dobi:

Edenilson Farias, machapisho sita. Hajaiva.
Jacira dos Anjos, machapisho tisa. Hajaiva.
Egon Krüger, machapisho manne. Anachipukia, apewe.

Akafunua. Hajaiva. Akafunua. Hajaiva.
Ungedhani tulikuwa tunaajiri ndizi.

Hakuna ukurasa wenye rangi ya mtu.
Sikuwahi kuandika rangi.
Nilikuwa na neno moja, likatosha.

Profesa Wendt akakohoa: viwango ni viwango.
"Sawa," akasema Valdirene, "nionyeshe hicho kipimo
ambacho kwacho manne huzidi tisa."
Mvua ikajibu, juu ya bati la karakana.

Kisha akanigeukia.
"Bi Nair, mwandiko huu ni wa nani?"
Wangu.
"Na neno?"
Ningeweza kusema lao: mdomo wao, wino wa chuo.
Ila nilimkumbuka Jacira kwenye korido,
mwavuli wake umevunjika ubavu, akiuliza kama kuna jibu,
nami, mweusi kama yeye, nikamwambia barua itakuja.
Ilikuwa mezani kwangu, imeshagongwa mhuri.

Kura haikupigwa. Wendt aliomba wiki mbili.
Wawili walitoka mapema, mmoja akabamiza mlango.
Usiniulize kama tumeshinda.
Valdirene alibaki akipanga majalada,
mikono ikimtetemeka, akaisukumiza mifukoni.
"Kuanzia leo," akasema, "neno likisemwa,
andika nani kalisema."

Sasa ni saa mbili usiku, nasafisha rasimu.
Penye waliohudhuria nimeweka majina kumi na mawili,
kama kawaida.
Kisha kalamu ikakaa hewani kitambo.
La kumi na tatu: Nair Teixeira, mwandishi.
Alikuwepo.
Miaka yote hiyo, alikuwepo.