Sahihi

Barua imetoka wilayani, mhuri wa zambarau:
Tarehe tano Oktoba, Siku ya Mwalimu.
Hotuba iandaliwe. Maana na chimbuko. Dakika tano.
Shuleni kwetu mwenye mwandiko ni mimi,
kwa hiyo kalamu imeniangukia.

Nimepekua. Chimbuko, wanasema, ni Paris,
mwaka elfu moja mia tisa sitini na sita:
wakubwa walikaa mezani, wakapitisha waraka
kwamba mwalimu naye ana haki, si wajibu tu;
alipwe cha kumtosha, asikilizwe, asidharauliwe.
Miaka ishirini na minane ikapita
ndipo waraka ukapewa sikukuu.
Nimeyaandika hayo, mistari imenyooka.
Kisha kalamu ikagoma,
maana hapa Uvinza, ng'ambo ya reli,
siku hiyo ina mzazi mwingine.

Mama yangu, Mwasiti, alikuwa mchemsha chumvi.
Maji ya kisima, kuni za porini, moshi hadi ndotoni.
Chumvi ilimwingia kwenye nyufa za vidole,
akinipangusa uso, naionja.
Jumamosi walipanga foleni kwa karani.
Karani anaandika, mama anachovya dole gumba,
anabandika, anapokea alichopewa.
Miaka sita dole lile lilikuwa la buluu,
na miaka sita gunia moja, mara mawili,
yalipotea kati ya mizani na daftari.
"Chumvi huyeyuka," karani alisema, na foleni ikacheka naye.

Mwalimu Ntiruhungwa alifungua darasa la kisomo
jioni, ndani ya ghala la magunia.
Karabai moja.
Ubao wake ulikuwa mlango, umeng'olewa choo cha stesheni,
komeo bado linaning'inia.
Hakuanza na a, e, i, o, u.
Alianza na moja hadi kumi.
"Herufi zitawangoja," alisema. "Karani hangoji."

Nilikuwa mgongoni. Haya nimesimuliwa,
na kila msimuliaji ana yake.

Lakini wote wanakubaliana hapa:
Jumamosi moja mama alikisukuma kando kidau cha wino.
Akaomba kalamu.
Akaligeuza daftari limtazame yeye,
akaweka dole, lilelile la buluu, juu ya tarakimu:
"Hii ni nne. Mimi nimeleta sita."
Kisha akaandika jina,
polepole, kama mtu anayevuka Ruchugi,
jiwe hadi jiwe, sketi mkononi.
Herufi S aliigeuza nyuma mbele,
na hadi leo ndivyo anavyoiandika.
Ukimsahihisha, anakuangalia tu.

Basi leo. Uwanja wa shule, turubai, kipaza sauti kinachokoroma.
Nimewasomea Paris. Wamepiga makofi ya adabu.
Ameitwa Mwalimu Ntiruhungwa, mstaafu,
koti limemzidi mabega,
mafao yake bado "yanashughulikiwa" mwaka wa kumi na nne.
Amepewa beseni, blanketi, na bahasha:
shilingi elfu hamsini,
mshereheshaji ametamka mara mbili ili tusikie.

Mzee hakushukuru.
Alilamba kidole, akahesabu
mbele ya wilaya nzima, noti kwa noti.
"Thelathini," akasema kwenye kipaza sauti.
Akaomba kitabu cha malipo,
akaikata hamsini kwa mstari mmoja,
akaandika alichokihesabu,
akatia sahihi.

Ofisa wa elimu akainama kufunga kamba za viatu
visivyo na kamba.

Kimya. Halafu, kutoka mkeka wa kina mama,
kicheko kimoja, kikavu, cha chumvi.
Sikugeuka. Nakijua.

Nilikuwa nimebakiwa na dakika mbili.
Nikaikunja hotuba, nikaitia mfukoni.