Tenga

Mwalimu Hizza alishikilia
kwamba ile s ya katikati haikuwekwa pambo,
nasi tukaitamka, Usagara, kidato cha pili B,
izlandi, izlandi,
mpaka mkaguzi akacheka kitambi mkononi
na mwalimu akageukia ubao, akafuta palipokwisha futwa.

Leo niko mnarani bandarini na redio yangu.
Mskoti anaichekecha r kama mtama kwenye ungo.
Wa Manila ana mabaharia “paiv”.
Wa Mumbai anaomba vota,
Mmarekani anaomba wora,
nawapa maji yaleyale, bomba lilelile,
bili wanaisoma wote sawasawa.

Jana usiku mmoja, sauti ya puani, akauliza:
“Hapa ndipo Tenga?”
Nikaiona meli nzima, makontena na winchi zake,
inajikunyata iingie
kwenye tenga la machungwa ya Muheza.

Kicheko cha mkaguzi kilikuwa kooni tayari,
miaka thelathini kinangoja zamu.
Nikakimeza.

“Naam, kapteni. Tenga. Karibu.
Kulia kwako pana izlandi,
ipitie mbali.”

Kimya kidogo redioni.
“Izlandi,” akaitikia. “Nimeiona.”