Kitufe cha Tuma

Ofisi yetu iko juu ya duka la mabati, hapa Kisumu.
Chini wanapiga nyundo, juu tunapiga vibonye.
Jerotich hupanga rangi. Mimi nawinda wadudu,
wale wa kwenye msimbo, na msimu huu wa mawingu
wale wa ziwa pia, wanaoingia dirishani usiku
wakatua kwenye skrini. Juzi niliona nukta isiyo mahali pake.
Nikaifuta. Ikapaa.

Kuna droo ambayo Bi Adongo hataki ifungwe.
Ndani mna simu kumi na tatu kuukuu,
za Kibuye, za Jumapili jioni soko likivunjika:
hii ina ufa unaopinda kama mto Nyando,
hii imefungwa kwa raba isimwage betri,
hii ukiizima haiwaki mpaka uibembeleze.
"Wateja," asema, "hawaishi ndani ya tarakilishi yako."
Kila tovuti tunayojenga sharti ipite humo,
kioo kidogo, kivinjari kilichozeeka,
bando la shilingi kumi.

Ijumaa nilikuwa na ukurasa wa wakulima wa mpunga wa Ahero.
Kwenye mashine yangu ulitulia kama maji ya jaruba.
Nikachukua ile simu ya kumi na tatu, mgeni, haijafutwa bado.
Nikafungua kivinjari.
Kichupo kimoja tu, kimeachwa wazi.

Fomu. Naijua samawati ile.
Naujua mstari ule mwembamba, niliuchora mwenyewe
mwaka juzi, stima ikipotea na kurudi:
fomu ya kujiunga na chuo cha uuguzi.
Jina: Selina Kageha.
Kijiji: ukitoka Mbale ushuke njia ya kanisa, nyumba ya pili.
(Nafasi ilitaka neno moja. Yeye akanifikisha mlangoni.)
Gredi: C, na alama ya kujumlisha.
Kwa nini unataka kuwa muuguzi?
Mistari sita, bila nukta hata moja,
kama mtu anayekimbizana na bando.
Sitainakili hapa. Si yangu.

Nikaburuza chini nitafute kitufe.
Nikaburuza tena.
Ukurasa uliishia kwenye "Nathibitisha kuwa haya ni kweli"
na chini yake utepe wa samawati, mwembamba kama ukucha:
utosi wa kitufe cha Tuma,
mwili wote umezama chini ya ukingo wa kioo
pasipofika kidole.

Ukurasa ule niliupima. Naapa niliupima.
Kwenye mashine yangu.
Siku hizo hatukuwa na droo.

Nikapiga namba aliyoijaza.
Sauti ya mashine ikaniambia nijaribu baadaye,
kwa adabu ile ile tunayowaandikia watu:
Samahani, kuna hitilafu.
Jumapili nikaenda Kibuye. Opondo, muuzaji,
akaigeuza simu mara mbili, akacheka.
"Hii? Nilinunua gunia zima kule Luanda. Kwa kilo."

Jumatatu, mistari miwili ya msimbo. Hiyo tu.
Kitufe kikaibuka kikakaa chini ya kidole,
kwa wakulima wa mpunga, maana chuo kilishahamia kwa wengine
na hatuna tena ufunguo wa seva yao.
Nikaandika maelezo ya mabadiliko, kama desturi:
"Kitufe cha Tuma sasa kinaonekana."
Nikafuta "sasa".
Nikairudisha.

Saa kumi watu wa Ahero wakajibu:
wameridhika, ila je, ile kijani
haiwezi kuwa kijani zaidi, kama mpunga wa wiki ya sita?
Jerotich akavuta kiti, akaanza kuchanganya.

Simu ya kumi na tatu sijaifuta.
Naichaji kila asubuhi kabla ya chai.
Naangalia kichupo, kama bado kipo.
Bi Adongo ameona, hajaniuliza.
Sigusi kitu. Nikipakia upya
ukurasa utakuja safi, mweupe,
nafasi zote wazi, zikingoja jina.