Honi Haiuzwi

Leo kaja mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Kizota,
kaja na mizani ya kuning'iniza na kijana wa kufungua nati.
Kilo moja, shilingi mia saba.
Nikamwambia, angalau muulize jina.
Akasema chuma hakina jina, mama, kina uzito.

Huyu alikuwa nalo. Tulimwita Mmarekani.
Baba alimnunua kwa bruda wa Bihawana
mwaka ule makao makuu yalipotangazwa kuhamia kwetu;
kila mtu alidhani Dodoma itakwenda mbio,
naye akataka kitu cha kwenda nacho.

Kwenye dashibodi mlikuwa na kitabu.
Katekista Mhembano alitusomea, akitafsiri huku akikohoa:
mwenye kampuni alizaliwa shambani,
alichukia kutembea nyuma ya farasi,
akajifungia bandani na nyundo yake,
na alipomaliza, gari lilikuwa pana kuliko mlango.
Akavunja ukuta.
Baba alipapenda hapo. "Rudia pale pa ukuta."
Katekista akarudia. Mara ya tatu akadai chai.

Kitabu hakikusema lolote juu ya mchanga wa Mpunguzi.

"Mmarekani kalala Kintinku, mpelekeeni maji."
"Mmarekani kagoma tangu juzi, zabibu zimechacha,
madebe kumi na manne,
yamekuwa mvinyo bila ruhusa ya kiwanda."
Tembo wa kale alizama Kikuyu, mji ukapata jina;
wetu alizama kila masika, tukapata madeni.

Mkoa mzima walikuwa watatu wenye magari hayo:
Baba; Mama Mbeleje wa mahindi ya Kibaigwa;
na Sagafu wa Kondoa, aliyetukana kwa Kirangi tu
ili gari, lililozoea Kigogo, lisinune zaidi.
Walikutana kwa fundi Nyagalu, Chang'ombe,
chini ya bati linalovuja jua.
Magari matatu, stata nzima moja.
Jumatatu ya Baba, Alhamisi ya Mama Mbeleje,
Ijumaa inafungwa kwenye gunia, inapanda basi la Kondoa.
Utotoni niliamini stata ni mgeni fulani
anayelala nyumba kwa nyumba.

Mama Mbeleje aliuza mbuzi sita, akanunua giaboksi.
Giaboksi ikadumu hadi Mtumba.
Akashuka, akavua kandambili,
akaupiga mlango makofi mawili
kama anayemwamsha mume,
kisha akadandia lori la mkaa, asigeuke.

Baba yeye aliandika barua.
Nimezikuta leo chini ya kiti, nakala za kaboni,
zambarau iliyofifia, panya wameonja pembe.

*Kwa Mkurugenzi, Detroiti, Amerika.
Ndugu, salamu nyingi.
Sisi tunaendelea. Gari haliendelei.*

Ya pili ina hasira, kalamu imetoboa karatasi.
Ya tatu anauliza tu habari za mvua huko.
Ya nne ni mistari miwili:

*Ninyi mlivunja ukuta ili litoke.
Sisi tunavunja mgongo ili lirudi nyumbani.*

Jibu hakuna. Ila amehesabu gharama za stempu
nyuma ya bahasha, senti kwa senti,
akazijumlisha na za rejeta.

Kijana wa Kizota akaunganisha betri yake
aone kama nyaya zina uhai.
Akagusa katikati ya usukani.
Honi ikalia,
ile ile, nene, ya fahali aliyekosewa adabu,
kitu pekee walichokipatia kule Detroiti;
miaka yote haikuomba spea.
Mbwa wakatoka. Jirani akatoka na unga mikononi,
akauliza, "Wamefika?"
Nani, hakusema. Akabaki mlangoni
akiangalia barabara ya Bihawana.

Nikaomba karatasi, nikaandika stakabadhi mwenyewe:
Gari moja. Chuma, kilo elfu moja na mia mbili.
Honi haiuzwi.